Nusu ya mfupa kijitoni: jinsi kasa wa New Jersey alivyotambuliwa

Mwaka 2012 mkusanyaji mmoja wa ridhaa alikuwa akitafuta meno ya papa kwenye kijito cha kaunti ya Monmouth, jimbo la New Jersey nchini Marekani. Ukingoni penye nyasi, juu kidogo ya maji, akaona kitu alichodhani ni jiwe tu. Hakukiacha. Alikifikisha kwenye makumbusho ya jimbo, na Machi 2014 wanasayansi wakatangaza kwamba alichookota ni nusu ya mfupa ambao nusu yake ya pili ilikuwa imehifadhiwa mjini Philadelphia tangu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Vyombo vya habari viliishangilia bahati. Bahati ilikuwepo, nani atakataa? Ila bahati ilimaliza kazi yake pale mtu alipoinama na kuokota. Yaliyofuata yalikuwa ufundi, na ufundi wenyewe ulitegemea zaidi droo zilizotunzwa vizuri na jicho la mtu aliyezizoea kuliko mashine yoyote.

Tuanze na mahali penyewe. Sehemu hii ya New Jersey imekaa juu ya sakafu ya bahari ya zamani. Mwishoni mwa kipindi cha Kretasia, kilichokwisha miaka milioni 66 iliyopita, Atlantiki ilikuwa imeingia ndani kuliko ilivyo leo, na chini yake ukatulia mchanga wenye madini ya kijani yaitwayo glaukonaiti. Madini hayo yana potasiamu, na kwa sababu hiyo wakulima wa karne ya 18 na 19 waliuchimba mchanga huo na kuutandaza mashambani kama mbolea. Walipochimba mbolea wakakutana na mifupa. Hadrosaurus foulkii, dinosaria aliyepewa jina na Joseph Leidy mwaka 1858, alitoka kwenye shimo la namna hiyo huko Haddonfield, kusini zaidi katika jimbo hilohilo. Mashimo yale yalishaachwa zamani. Siku hizi wachimbaji ni vijito, hasa Big Brook na Ramanessin: mvua kubwa ikinyesha, maji hukata kingo na kuangusha kilichomo, na maji yakipungua watu huingia na machekeche.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mtaalamu akichimba mwenyewe, anajua kisukuku kimetoka tabaka gani, kina gani, kilikaa karibu na nini. Kijito hakitunzi kumbukumbu hizo. Big Brook hupita katika matabaka kadhaa, miongoni mwake Wenonah, Mount Laurel na Navesink, na changarawe ya chini ya maji imechanganya mali ya yote. Humo humo hupatikana mabaki ya wanyama wa enzi ya barafu, ambao ni wa jana tu ukilinganisha na Kretasia, pamoja na mifupa ya ng'ombe na vigae vya wakulima wa zamani. Kwa hiyo kitu kilichookotwa kijitoni lazima kijieleze chenyewe kwa umbo, kwa uzito, kwa rangi na kwa namna kilivyovunjika.

Swali la kwanza ni la aibu kidogo, nalo huwakwamisha wengi: je, hiki ni mfupa au ni jiwe? Mchanga wa huko umejaa chuma, na chuma hicho huganda na kuwa mawe ya kahawia yenye mirija na vichwa vya mviringo, yanayofanana na mifupa kuliko mifupa yenyewe. Wageni huondoka na mifuko mizima ya mawe hayo. Dawa yake ni lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, ukaitazama sehemu iliyovunjika. Mfupa una ganda gumu nje, na ndani una vijitundu vingi vilivyopangana kwa mwelekeo. Jiwe la chuma ndani ni la mchanga uleule, au lina tabaka baada ya tabaka kama kitunguu. Wengine hukigusisha kipande chenyewe kwenye ulimi, maana mfupa wenye vijitundu hunata. Mimi nisingeshauri hivyo, kwa kitu kilichotoka kwenye maji yanayopita karibu na mashamba ya farasi.

Meno ya papa hayana utata huo, na ndiyo shule nzuri ya anayeanza, kwa kuwa ni mengi na kila aina ina alama zake. Chukua jino la Scapanorhynchus, papa ambaye ndugu zake wa leo wanaishi bahari ya kina kirefu. Jino lake la mbele ni refu na jembamba, na upande wa ndani wa mdomo lina mistari midogo ya wima inayoonekana vizuri ukiligeuza kwenye mwanga. Mzizi una matawi mawili, na katikati yake kuna mfereji wa mshipa. Sasa liweke kando ya jino la Squalicorax. Hili ni pana, limeinama upande mmoja, na kingo zake zina meno madogo ya msumeno. Cretalamna naye ana kingo laini, lakini pembeni mwa ncha kuu husimama vijino viwili vya pembetatu.

Ndani ya Squalicorax mtu anaweza kuingia zaidi. S. kaupi ana pengo dhahiri nyuma ya ncha, ilhali kwa S. pristodontus pengo hilo limepotea na ukingo unateremka moja kwa moja. Tofauti ni ndogo kwa macho, kubwa kwa maana, kwa sababu S. pristodontus ni wa mwisho mwisho kabisa wa Kretasia. Jino ambalo kijito kimeling'oa kwenye tabaka lake linaweza, kwa ukingo wake tu, kurudishwa karibu na umri wake. Lakini jino lililosagwa na changarawe hadi mzizi umelika na msumeno umefutika halitaji jina. Mkusanyaji mwaminifu huandika "papa" na kuishia hapo. Nikiona kabati la mtu ambalo kila kipande kina majina mawili ya Kilatini, naanza kutilia shaka kabati zima.

Meno ya reptilia yana mtego wake. Mosasauri, mijusi mikubwa ya baharini, waliacha meno ya umbo la koni yenye kingo mbili zinazoligawa jino, na mara nyingi nyuso zake zimechongeka bapa bapa. Samaki aitwaye Enchodus ana jino refu la mbele ambalo anayetaka makuu huliita la mosasauri, au la dinosaria kabisa. Jino la Enchodus ni bapa, upande mmoja haufanani na mwingine, na ni la kawaida mno katika vijito hivyo. Kanuni ni rahisi: anza na mnyama wa kawaida, na usimwache mpaka alama zenyewe zikukatalie.

Turudi kwenye mfupa wa 2012. Ulipofika makumbusho, David Parris, aliyekuwa mhifadhi wa historia ya asili, aliutambua kuwa mfupa wa juu wa mkono wa kasa, ule unaotoka bega hadi kiwiko, ila ulikuwa na mwisho wa upande wa kiwiko tu. Mtu anajuaje? Kobe wa nchi kavu ana mfupa wa mkono uliopinda kama upinde, kwa kuwa anaubebesha uzito wa mwili. Kasa wa baharini hasimami juu ya mkono wake, anapiga nao maji, na mfupa wake umenyooka, ni mpana na bapa. Mwisho wa upande wa kiwiko nao una nyuso za kuungana na mifupa miwili ya chini ambazo humtenga kasa na mamba au mosasauri hata kama sehemu nyingine yote imepotea. Kwa hiyo nusu mfupa ilitosha kusema "kasa", na ukubwa wake ukatosha kusema "kasa mkubwa kupita kiasi".

Parris akakumbuka kitu. Katika Chuo cha Sayansi ya Asili cha Philadelphia kulikuwa na nusu mfupa wa kasa mkubwa, uliovunjika katikati, wenye mwisho wa upande wa bega. Louis Agassiz aliueleza mwaka 1849 na kuupa jina Atlantochelys mortoni, akimuenzi Samuel George Morton, ambaye mwaka 1834 alikuwa ametoa kitabu cha visukuku vya Kretasia vya Marekani. (Msomaji wa Kiafrika huenda akawakumbuka mabwana hawa wawili kwa jambo jingine: nadharia zao za kutenganisha asili ya mataifa ya watu. Kanuni za kutaja wanyama hazifuti jina kwa dhambi za aliyelitoa.) Tangu wakati huo spishi ile ilijulikana kwa kipande hicho kimoja tu. Parris alimtania mwenzake, Jason Schein, kwamba labda walichonacho ni nusu iliyopotea. Schein alibeba mfupa hadi Philadelphia, na akiwa na Ted Daeschler wa pale wakaviweka vipande pamoja. Vikashikana.

Neno "vikashikana" linahitaji maelezo, maana vipande viwili vya mifupa ya wanyama wawili vinaweza kukaribiana ukivitazama kwa hamu. Jambo la kwanza ni upande: mkono wa kulia hauungani na wa kushoto. La pili ni unene wa ganda la nje, ambao lazima uendelee kutoka kipande hadi kipande bila kuruka. La tatu, na ndilo la kuamua, ni uso wa mvunjiko. Mfupa haukatiki kama mbao iliyopigwa msumeno. Unaacha vilima na mashimo, na kila kilima upande huu lazima kipate shimo lake upande ule, kwenye uso wote wa mvunjiko, si ukingoni peke yake. Yakitimia hayo, hakuna haja ya takwimu. Ni mfupa mmoja wa mnyama mmoja.

Matokeo yake yalikuwa mawili. Nusu mfupa huacha urefu kuwa wa kukisia, lakini mfupa mzima unaweza kulinganishwa na wa kasa wanaoishi leo, ambao uwiano wa mkono na mwili wao unajulikana. Hesabu hiyo ilileta kasa wa futi 10 hivi, yaani mita 3, miongoni mwa wakubwa kabisa waliopata kujulikana. Kasa wa kijani anayetaga kwenye mchanga wa Mafia, gamba lake huwa na urefu wa mita 1 hivi. Hata hivyo nashauri makadirio hayo yachukuliwe kwa kiasi: mfupa mmoja, hata ukiwa mzima, hausemi shingo ilikuwa ndefu kiasi gani.

Tokeo la pili, kwangu mimi, ndilo zito. Watu wa fani waliamini kwamba kisukuku kikishafukuliwa na maji, huvunjika na kupotea ndani ya miaka michache, ikizidi sana miongo. Sasa kuna nusu iliyokusanywa kabla ya 1849 na nusu iliyookotwa 2012, miaka isiyopungua 163 baadaye, ikiwa nzima. Maelezo waliyotoa wanasayansi ni kwamba mfupa ulizikwa mara mbili. Ulifukiwa kwanza baharini, miaka milioni 70 hadi 75 iliyopita. Baadaye sana, katika enzi ya barafu au baada yake, matabaka yale yakalika, mfupa ukatoka na kuvunjika, na vipande vikafunikwa tena na udongo mpya uliovihifadhi hadi kila kimoja kilipofunuliwa kwa wakati wake. Ina maana kwamba kingo za vijito zina visukuku vya Kretasia ndani ya udongo usio wa Kretasia, na anayekisia umri wa mfupa kwa udongo ulioushika anaweza kukosea kwa mamilioni ya miaka.

Ukusanyaji huo una sheria zake. Big Brook hairuhusu kuchimba kingo. Chekeche lisizidi inchi 18, bapa la mwiko lisizidi inchi 6, na mtu asiondoke na visukuku zaidi ya 5 kwa siku. Utaratibu huo unafaa pale kwa sababu meno ya papa ni mengi na vitu adimu, kama mfupa huu, mara nyingi hufikishwa makumbusho. Nisingependa mtu auhamishe kuuleta kwetu. Tanzania ina miamba ya Kretasia katika bonde la Rukwa, na mabaki ya dinosaria Mnyamawamtuka, aliyetangazwa mwaka 2019, yalionekana mwaka 2004 kwenye korongo la mto Mtuka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda mabaki ya namna hiyo, na Kenya inayo Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Huku kwetu kuokota na kwenda nacho nyumbani hakuruhusiwi, hata kama kimelala wazi mchangani.

Basi ukikuta mfupa mzito uliogeuka jiwe kwenye korongo baada ya mvua, usiuchomoe wala usiuoshe. Weka sarafu kando yake, piga picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha ukingo mzima, hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, andika tarehe na jina la mto, kisha toa taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale au makumbusho ya taifa iliyo karibu nawe.