Kuwahi Kabla ya Mpira: Ufundi wa Mbwana Samatta Ukitazamwa Kutoka Dodoma

Ufundi wa mshambuliaji wa kati, yaani mchezaji ambaye timu nzima humtegemea amalizie kazi iliyoanzwa na wenzake, una tabia ya kujificha, kwa kuwa sehemu yake kubwa hufanyika wakati mpira uko miguuni mwa mtu mwingine. Mtazamaji aliyeketi katika jukwaa la Uwanja wa Jamhuri jijini Dodoma, au aliyebanana na wenzake ndani ya kibanda umiza, ule ukumbi mdogo wa kuoneshea mechi kwa runinga kwa kiingilio kidogo, huufuata mpira kwa macho, na hivyo humwona mshambuliaji pale tu mpira unapomfikia. Hatua tatu alizorudi nyuma ili beki amsahau, bega alilolielekeza kushoto huku nia yake ikiwa kulia, na sekunde aliyosubiri kabla ya kuchomoka, vyote hupita bila shahidi. Goli linapoingia, husemwa kuwa mfungaji alikuwa na bahati ya kuwa mahali pake. Neno hilo la bahati ndilo linalostahili kupingwa, na katika historia ya soka la Tanzania hakuna maisha ya mchezaji yanayolipinga vizuri zaidi kuliko ya Mbwana Ally Samatta.

Samatta, aliyezaliwa Dar es Salaam tarehe 23 Desemba 1992 na kuanzia mpira wake Mbagala, katika timu ya Mbagala Market iliyobadilika kuwa African Lyon, alipita Simba kwa muda mfupi, na mwaka 2011, baada ya Simba kukutana na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika, klabu hiyo ya Lubumbashi ikamchukua. Alikaa huko hadi Januari 2016, akahamia KRC Genk ya Ubelgiji, kisha Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa, na pia wa kwanza kufunga humo, alipowafunga Bournemouth tarehe 1 Februari mwaka huohuo. Baadaye zikafuata Fenerbahçe ya Uturuki, Antwerp, Genk kwa mara ya pili, na PAOK ya Ugiriki, aliyotwaa nayo ubingwa wa ligi msimu wa 2023/24. Orodha hiyo inafahamika kwa mashabiki wengi, na mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya kijana aliyefika mbali. Husimuliwa kwa nadra zaidi kama hadithi ya kazi: ni kitu gani hasa alichokuwa akikifanya uwanjani kilichozifanya klabu za nchi sita tofauti, zenye makocha wenye mawazo tofauti, zimhitaji.

Jibu linaanzia katika magoli mawili ambayo Watanzania wengi wanayakumbuka kwa picha. La kwanza ni la tarehe 5 Novemba 2019 katika uwanja wa Anfield, Genk ilipocheza na Liverpool, ambayo wakati huo ilikuwa bingwa wa Ulaya. Ikapigwa kona na Bryan Heynen, na Samatta akaruka katikati ya walinzi, akaupeleka mpira wavuni kwa kichwa, matokeo yakawa 1-1 kabla Liverpool haijashinda 2-1. La pili ni la tarehe 1 Machi 2020 katika uwanja wa Wembley, kwenye fainali ya Kombe la Ligi kati ya Aston Villa na Manchester City. Villa ilikuwa imekwisha kufungwa mawili pale Anwar El Ghazi alipomimina krosi, yaani mpira unaopigwa kutoka pembeni kuelekea mbele ya goli, na Samatta akajitupa chini chini na kuupiga kwa kichwa, mpira ukampita kipa Claudio Bravo. City ilishinda 2-1. Timu yake ilipoteza mechi zote mbili, na magoli yote mawili yalifungwa kwa kichwa na mtu ambaye si mrefu wa kuogofya. Urefu, basi, hauyaelezi. Kinachoyaeleza ni kwamba katika kila moja mpigaji wa mwisho alikuwa amekwisha kuanza safari yake wakati walinzi walikuwa bado wanautazama mguu wa mpigaji wa kwanza. Beki husubiri kujua mpira unakwenda wapi. Mshambuliaji wa aina hii huamua utakakokwenda, hujipeleka hapo, na hukubali kwamba mara nyingi atakuwa amekosea na hakuna atakayejua kuwa alikwenda.

Katika nyanda za kati, mkulima wa uwele na mtama hupanda mbegu kwenye udongo ulio bado mkavu kwa kulitegemea wingu ambalo halijafika, kwa sababu akingoja matone ya kwanza ndipo ashike jembe, mvua chache za Dodoma zitampita. Mshambuliaji naye huwekeza mbio zake kwa namna hiyohiyo, kabla ya hakika, na mbio nyingi hupotea. Ndiyo maana ustahimilivu ni sehemu ya ufundi wenyewe: mtu anayekimbia mara kumi kuelekea nguzo ya karibu na kupata mpira mara moja anapaswa kukimbia mara ya kumi kwa ukali uleule wa mara ya kwanza.

Hapo ndipo suala la mahali pa kujifunzia linapoingia, na ndipo Dodoma inapokuwa na la kusema. Watoto wengi wa Tanzania huanza na chandimu, mchezo wa mtaani wa mpira wa makaratasi au matambara yaliyofungwa kwa kamba, unaochezwa bila mwamuzi, bila mistari, na kwa magoli yaliyopimwa kwa hatua na kuwekwa mawe au ndala. Katika mkoa wa Dodoma, ambako mvua ya mwaka ni kama milimita 500 hadi 600 na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, uwanja wa chandimu kwa sehemu kubwa ya mwaka ni ardhi ngumu yenye changarawe na vumbi, na upepo wa kiangazi huusogeza mpira mwepesi kabla mchezaji hajaufikia. Ardhi hiyo ni mwalimu mkali wa mambo fulani. Hufundisha kutuliza mpira unaoruka ovyo, kupiga chenga mahali finyu, na kumpiga mpinzani tobo, yaani kuupitisha mpira katikati ya miguu yake. Atakayesema kuwa watoto wa Chamwino, Bahi au Mpwapwa hawana vipaji hajasimama kando ya kiwanja chao jioni.

Lakini chandimu haina mtambaa panya, yaani mti wa juu unaounganisha nguzo mbili za goli. Haina sheria ya kuotea, ile inayomkataza mshambuliaji kuwa karibu na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho, pale mwenzake anapoucheza mpira. Na kwa kuwa mpira wa makaratasi hauelei hewani kama wa ngozi, krosi karibu haipo. Hivyo mtoto anaweza kufikia umri wa miaka 14 akiwa fundi wa kweli wa miguu, huku hajawahi hata siku moja kuzipanga mbio zake kwa kuutazama mstari wa mabeki, wala kuupiga kwa kichwa mpira unaotoka pembeni. Vipengele hivyo viwili ndivyo vilivyomfikisha Samatta Anfield na Wembley. Tofauti hiyo haitokani na damu wala na kanda ya nchi. Ni suala la vifaa na la mtu wa kufundisha, na inashangaza jinsi inavyozungumzwa kwa nadra kila linapoulizwa swali la kwa nini Tanzania haitoi washambuliaji wengi.

Uzito wa mti huo wa juu unaonekana vizuri zaidi ukitazamwa mchezo wa taifa jingine. Nchini Ireland kuna soka la Kigaeli, mchezo wa watu 15 kila upande unaoruhusu mikono na miguu, ambao goli lake lina nguzo ndefu zinazopanda juu ya mti wa katikati: mpira ukipita chini ya mti huo ni goli lenye thamani ya pointi tatu, na ukipita juu yake katikati ya nguzo, kwa kawaida timu hupata pointi moja. Colm Cooper, mshambuliaji wa Kerry aliyetwaa ubingwa wa Ireland mara tano kati ya 2004 na 2014, alisifiwa sana kwa kujua lini aridhike na pointi ya juu na lini ahatarishe kutafuta goli la chini. Mshambuliaji wa soka la kawaida hana ngazi hiyo ya kati. Sentimita chache juu ya mtambaa panya hazimpi chochote, na uamuzi wake wote umefungwa ndani ya nafasi yenye kimo cha mita 2.44. Kwa sababu hiyo anayefunga mara kwa mara kwa kichwa katika mechi kubwa amefanya jambo gumu kuliko linavyoonekana kwenye runinga.

Shule ya Samatta ya mambo hayo ilikuwa Lubumbashi. Ni jambo la kufurahisha kwamba mchezaji aliyetoka Dar es Salaam alikomaa katika mji wa Kongo unaozungumza Kiswahili, ingawa ni Kiswahili chenye ladha yake, katika klabu iliyokuwa na uwanja wake yenyewe na iliyozoea fainali za bara. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuifunga USM Alger ya Algeria 2-1 ugenini na 2-0 nyumbani, na Samatta alifunga penalti katika kila mechi kati ya hizo mbili. Alimaliza mashindano akiwa na mabao 7, na Januari 2016 huko Abuja akakabidhiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, Mtanzania wa kwanza kuipata. Penalti huonekana kazi nyepesi, lakini penalti ya fainali hudai kitu kilekile kinachodaiwa na mbio za kuelekea nguzo ya karibu: uamuzi uliofanywa mapema, usiobadilishwa na kelele.

Siku chache tu baada ya fainali hiyo alifunga dhidi ya Algeria katika sare ya 2-2 jijini Dar es Salaam, na katika mechi ya marudiano Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, ikafungwa 7-0. Matokeo hayo mawili yaliyofuatana yanaonesha mpaka wa ufundi wa mtu mmoja. Mshambuliaji ni mtegemezi kuliko wachezaji wote. Huko Genk, msimu wa 2018/19, alipofunga mabao 23 ya ligi na klabu ikatwaa ubingwa wa Ubelgiji, alikuwa na watu kama Leandro Trossard na Ruslan Malinovskyi waliojua mbio zake kabla hajazianza. Msimu huo pia alipewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi hiyo. Huko Aston Villa alikuta timu iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja, na bao la ligi lilibaki lile moja. Wapo walioyaita hayo kushindwa. Hukumu ya haki zaidi ni kwamba alikimbia mbio zilezile mahali ambapo hapakuwa na wa kuzijibu, na kwamba bao la Wembley linaonesha alichoweza kufanya kila krosi ya kweli ilipomjia.

Hakuwa wa kwanza kubeba matumaini ya nchi kwa namna hiyo. Abdallah Kibadeni alifunga matatu Simba ilipoichapa Yanga 6-0 mwaka 1977, na Peter Tino ndiye aliyefunga bao la sare ya 1-1 kule Ndola, Zambia, mwaka 1979, lililoipeleka Tanzania katika fainali za Afrika za 1980 huko Lagos. Baada ya hapo nchi ilisubiri hadi 2019, Samatta akiwa nahodha. Katika fainali hizo za Misri alifunga dhidi ya Kenya, Simon Msuva naye akafunga, na bado Kenya ikashinda 3-2 kwa mabao mawili ya Michael Olunga, mshambuliaji mwingine hodari wa Afrika Mashariki.

Dodoma sasa ina timu ya kuitazama katika Ligi Kuu. Dodoma Jiji, inayomilikiwa na halmashauri ya jiji na kuitwa na mashabiki wake Walima Zabibu, ilipanda msimu wa 2020/21, na watoto wa shule hukutana kila mwaka katika UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na UMISSETA, ya sekondari. Mbegu ya mshambuliaji ajaye wa nyanda za kati imo humo, na zoezi linalomfaa halihitaji fedha nyingi. Zinatakiwa nguzo mbili na mtambaa panya, hata kama ni za miti, mpira mmoja wa ngozi uliojaa upepo, na watu wanne. Wa kwanza husimama pembeni na kumimina krosi. Wa pili ni beki, wa tatu ni kipa. Wa nne huanzia nyuma ya bega la beki, mahali asipoonekana, hupiga hatua mbili kuelekea nguzo ya mbali, hugeuka, na huchomoka kuelekea nguzo ya karibu wakati mguu wa mpigaji ungali unarudi nyuma. Kisha hurudi alikotoka na kuanza upande wa pili, kwa sababu mabeki huzoea haraka, na mbio ya kulia isiyo na mwenzake wa kushoto husomwa ndani ya robo saa.