Kuwatafuta Kina Sykes wa Bonde la Colne

Magharibi ya mji wa Huddersfield, huko Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, mto Colne unateremka kutoka vilima vya Pennines na kupita Marsden na Slaithwaite. Bonde lake ni jembamba. Nyumba za mawe zimeparamia pande zote mbili, juu kabisa hadi nyasi zinapogeuka kuwa nyika ya matope na upepo. Katika bonde hili jina la Sykes limejaa tangu zamani. Limo makaburini, limo katika wosia za wakulima, limo katika vitabu vya ubatizo ukurasa baada ya ukurasa. Swali ni la kawaida: je, hawa wote ni ukoo mmoja? Kulijibu kwa haki ni kazi ya miaka mingi, na ninawaheshimu sana watu waliokubali kuifanya.

Jina la ukoo la Kiingereza halifanyi kazi kama majina yetu. Kwetu mtoto wa Juma ni Ali Juma, na mtoto wa Ali ni Hamisi Ali. Vizazi viwili vitatu vikipita, Juma ametoka kwenye jina na amebaki kwenye kumbukumbu ya wazee. Waingereza nao walikuwa wakitajana kwa namna hiyo, au kwa kazi, au kwa mahali mtu alipokaa. Kisha, kati ya karne ya 12 na ya 15, majina yakaganda yakaanza kurithiwa. Sykes ni jina la mahali: aliyeishi penye kijito. Yorkshire ina vijito visivyohesabika, kwa hiyo mwenye kamusi ya majina atakuambia kwamba watu wengi wasiojuana walilipata jina hilo kila mmoja kwa kijito chake.

George Redmonds, mwanahistoria wa majina ya Yorkshire aliyefariki mwaka 2018, alishikilia kwamba kamusi haitoshi. Alitoa kitabu chake kikubwa juu ya majina ya West Riding, yaani sehemu ya magharibi ya Yorkshire, mwaka 1973, na mwaka 1997 akaeleza mbinu yake katika kitabu kingine. Msimamo wake ulikuwa kwamba kila jina lina historia yake peke yake, na historia hiyo haipatikani mpaka uende lilikozaliwa, uwafuate wenye jina mmoja mmoja, shamba kwa shamba. Maana ya jina ni jambo dogo. Kubwa ni nani alilibeba, akalipeleka wapi, na nani akalirithi.

Henry Brougham Guppy alikuwa ameshaonyesha njia mwaka 1890. Mtu huyu wa sayansi ya viumbe, aliyechunguza visiwa vya Solomon, aliketi kuhesabu majina ya wakulima wa Uingereza wilaya kwa wilaya. Aliwachagua wakulima kwa sababu hawahami ovyo. Akaona majina yamekaa kimakundi, kila moja na nyumbani kwake.

Kwa nini majina yalikaa hivyo katika mabonde ya Pennines? Sababu ni sufu. Ardhi ile haikutosha kulisha watu kwa kilimo pekee, lakini mwenye ng'ombe wawili na kitanda cha kufumia chumba cha juu aliweza kuishi. Mke na watoto walisokota, baba akafuma, na kitambaa kikapelekwa sokoni Huddersfield, ambako mwaka 1766 lilijengwa jumba la soko la vitambaa. Ukitazama nyumba za zamani za bonde hilo utaona madirisha marefu yaliyopangwa safu nzima ghorofani, ili mfumaji apate mwanga. Mtoto wa tatu na wa nne, ambao mahali pengine wangelazimika kuondoka, hapa walipata chumba na kazi. Walioa jirani, wakajenga jirani, na jina likazidi kujaa.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, maana jina likijaa hupoteza kazi yake. Wenyeji wenyewe walilitambua hilo, wakarudi kwenye mnyororo wa baba na babu. Kule Saddleworth, ng'ambo ya kilima, mwenye baa mmoja mzee aliitwa William Bradbury katika rejista, lakini watu walimwita Bill o' Jack's, yaani Bill wa Jack, na mwanawe Tom alikuwa Tom o' Bill's. Wawili hao waliuawa ndani ya baa yao mwaka 1832, na Uingereza nzima ikasoma habari zao magazetini kwa majina hayo ya kijijini. Msomaji wa Tanga au Unguja hahitaji kufafanuliwa utaratibu huo.

Sasa mtafiti anakaa mezani. Mbele yake kuna rejista za parokia, ambazo Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, aliagiza zianze kuandikwa mwaka 1538, ingawa nyingi zilizobaki zinaanza 1558 au baadaye. Kabla ya hapo ana orodha ya kodi ya kichwa ya mwaka 1379, iliyohifadhiwa vizuri kwa West Riding, inayotaja walipakodi kijiji kwa kijiji. Kwa vijiji vya upande wa Holmfirth na Halifax kuna hazina kubwa zaidi: kumbukumbu za baraza la bwana wa ardhi wa Wakefield, kuanzia 1274 hadi 1925, ambazo leo zinatunzwa na Chuo Kikuu cha Leeds. Humo ardhi ilipotoka mkono wa baba kwenda kwa mwana, karani aliandika ni baba gani na mwana gani. Lakini aliandika kwa Kilatini, kwa mkato, juu ya ngozi, na hali iliendelea hivyo karibu muda wote hadi 1733 sheria ilipoleta Kiingereza. Kujifunza kuusoma mwandiko huo kunachukua miaka. Jina lenyewe halitulii: Sykes, Sikes, Syke, Sykys, kwa sababu karani aliandika alichosikia.

Kila ubatizo, ndoa na mazishi hupata kikaratasi chake. Vikaratasi hupangwa, na hapo kishawishi kinaingia. Unaye John Sykes aliyeoa mwaka 1702. Unaye John Sykes aliyebatizwa 1678. Umri unafaa, parokia ni hiyo hiyo, na moyo unataka kuwaunganisha. Fundi wa kweli hawaunganishi. Kwanza anakwenda kwenye kitabu cha mazishi kuangalia kama yule wa 1678 hakufa akiwa mchanga, maana watoto walikufa kwa wingi, na mara nyingi jina la marehemu alipewa mdogo wake aliyefuata. Kisha anawatafuta akina John wengine wote waliozaliwa miaka hiyo. Mto Colne wenyewe ulikuwa mpaka: upande wa kaskazini, Slaithwaite, ni parokia ya Huddersfield, upande wa kusini ni parokia ya Almondbury, Marsden iligawanyika katikati. Familia ikihama kwa kuvuka daraja tu, inapotea kwenye kitabu kimoja na kuzuka kwenye kingine. Anayesoma kitabu kimoja pekee atadhani mtu kafa.

Ninachokipenda katika kazi hii ni heshima yake kwa ushahidi unaokataa. Ukoo unaosimama umejengwa juu ya watu wengi waliochunguzwa wakaondolewa, na hao hawaonekani kwenye shajara ya ukoo iliyokamilika. Kuunganisha ni rahisi. Mtu yeyote anaweza kujipatia babu kwa jioni moja. Kumwacha John wa 1678 pembeni, bila baba na bila mwana, mpaka upatikane wosia unaomtaja pamoja na shamba lake, kunahitaji nidhamu ambayo wengi hawana.

Mitego ni mingi. Kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Wazazi waliofunga ndoa Juni 1690 na kubatiza mtoto Februari 1690 hawakutanguliza mtoto. Februari hiyo ilikuja miezi minane baada ya harusi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 rejista nyingi zilikatika. Baadaye wafumaji wengi waliliacha kanisa la serikali wakajiunga na Wabaptisti, Wamethodisti na wenzao, na watoto wao hawamo kwenye kitabu cha parokia. Lakini sheria iliyoanza kutumika 1754 iliwalazimisha wote, isipokuwa Waquaker na Wayahudi, kufunga ndoa mbele ya kasisi wa Anglikana. Kwa hiyo mtu anaonekana mara moja tu, siku ya harusi yake, akiwa mtu mzima asiye na chanzo. Sensa ya 1841 nayo iliagiza umri wa waliozidi miaka 15 upunguzwe hadi tano iliyo karibu, hivyo mwenye miaka 39 akaandikwa 35.

Walikuwepo pia makarani waliojali. Kasisi William Dade wa York alianza katika miaka ya 1770 kuhimiza rejista zitaje si wazazi wa mtoto tu bali babu na bibi wa pande zote mbili, na kazi ya baba, na mahali walipokaa. Baadhi ya parokia za Yorkshire zilifuata mfano wake kwa miaka michache. Kisha mwaka 1813 zikaja fomu zilizochapwa, na nafasi ya kuwaandika babu na bibi ikafutika. Natamani utaratibu wa Dade ungeshika nchi nzima.

Mwaka 2000 njia nyingine ilifunguka. Bryan Sykes, profesa wa vinasaba wa Oxford aliyekuwa na jina hilo hilo, alichunguza kromosomu Y, ambayo mwana huirithi kwa baba kama anavyolirithi jina. Sampuli zilitoka kwa wanaume 48 wa jina la Sykes, wengi wao wasiojua undugu wowote kati yao. Karibu nusu walikuwa na alama zile zile. Matokeo hayo yalielekeza kwa mtu mmoja aliyeishi karne nyingi nyuma, na kuwapinga waliosema kila kijito kilizaa kina Sykes wake. Nusu iliyobaki haikushangaza: katika vizazi zaidi ya ishirini, mtoto wa kulelewa mmoja au siri moja ya ndoa katika kila tawi inatosha kutenganisha jina na damu. Maabara ilitoa jibu la jumla. Kwamba John huyu ni mwana wa William yule wa shamba lile, hilo bado linatoka kwenye vikaratasi.

Tanzania ina kina Sykes wake, na wanaifaa sana hoja hii. Kleist Sykes alikuwa katibu mwanzilishi wa African Association mjini Dar es Salaam mwaka 1929, na wanawe Abdulwahid na Ally walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Anayefuata jina peke yake angewapeleka Yorkshire, na angekosea kabisa. Shina lao ni Sykes Mbuwane, Mzulu aliyetoka Msumbiji na kufika pwani yetu pamoja na askari wa Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyekuja kupigana na Abushiri. Hilo linajulikana kwa kuwa Kleist aliandika maisha yake kwa mkono wake kabla ya kufariki mwaka 1949, na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, akaitumia hati hiyo katika sura aliyoiandika kwenye kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe mwaka 1973.

Familia nyingi za Kiafrika hazina rejista ya 1538, na hazitakuwa nayo. Zina wazee. Ukienda kumuuliza bibi, usiandike majina peke yake: andika kila mtu alikaa wapi, alifanya kazi gani, alizikwa wapi, na nani amekuambia.