Sifa ya Mahali Pasipojulikana

Miongoni mwa maandishi yapendwayo sana na wasomaji ni yale yanayotaja maajabu ya dunia yasiyotembelewa na wengi. Mwandishi huziacha kando piramidi za Misri na theluji ya Kilimanjaro, akatafuta pango, kisiwa au jangwa ambalo jina lake halijazoeleka masikioni. Kazi hii ina faida, wala si insafu kuidharau. Humfundisha kijana kwamba dunia haikuishia katika picha chache zinazorudiwa kila mwaka. Walakini maandishi haya yana kasoro kubwa, nayo imo katika neno lile lile linalotumiwa kuwa sifa: mahali “pasipojulikana”. Hapana budi tuulize, pasipojulikana na nani?

Tuchukue mfano wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Kijana aliyelelewa Waberi, mjini Garissa, hahitaji kitabu kimwambie kwamba kusini kidogo mwa mji, huko Bour-Algi, twiga huishi karibu na watu na mifugo yao. Kwake jambo hilo si siri. Mwandishi anayesema kwamba mahali hapo pamefichika amepima ujuzi wake mwenyewe, hakupima mahali.

Kasoro hiyo huzaa nyingine. Mwenye kutafuta ajabu tu huona rangi, asione habari iliyo nyuma yake. Mwaka 2017 picha za twiga weupe wa hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, katika kaunti ya Garissa, zilienea duniani. Hawakuwa zeruzeru, kwa maana macho yao yalikuwa meusi. Ngozi yao tu ndiyo iliyopungukiwa na rangi. Mwezi wa Machi 2020 ikatangazwa kwamba jike na ndama wake wameuawa na majangili, akabaki dume mmoja. Watu wa mbali walisikitika siku chache, kisha wakageukia ajabu jingine.

Lakini hifadhi ile haikuwekwa kwa ajili ya twiga mweupe. Iliwekwa kwa ajili ya hirola, swala mwenye alama nyeupe usoni mfano wa miwani, ambaye Wasomali humwita arawla. Makao yake ya asili ni nchi iliyo kati ya Mto Tana na Mto Juba, na waliosalia mwituni hukadiriwa kuwa chini ya 500. Mwaka 1996, kwa kuhofia kwamba mnyama huyu atatoweka, Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilianza kuwahamishia baadhi yao Tsavo Mashariki. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Hata hivyo wakazi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kupinga, na mahakama ikaamuru hirola wasiondolewe katika makao yao. Mwaka 2012 hirola 48 walitiwa ndani ya eneo lililozungushiwa ua huko huko Ishaqbini, wapate kuzaana mbali na simba na fisi.

Tazama, basi, lipi ni ajabu kubwa zaidi: weupe wa ngozi ya twiga, au wafugaji wa nchi kame waliosimama mbele ya hakimu kwa ajili ya swala asiyekamuliwa wala kuuzwa sokoni? La kwanza linatosha kwa picha moja. La pili linataka mwandishi akae, aulize na kusikiliza. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo msomaji kijana na awe na mizani yake. Asomapo habari ya mahali pa mbali, na atazame kama mwandishi amelitaja jina ambalo wenyeji hulitumia, kama amesema ni nani anayepalinda, na kwa gharama gani. Maandishi yasiyogusa hayo huweza kufurahisha, lakini hayajamfikisha msomaji popote. Na kijana aliyezaliwa katika nchi ya namna hiyo ana wajibu mzito zaidi: ashike kalamu. Wageni wakiachiwa kuandika peke yao, nchi yake itaitwa isiyojulikana mpaka watoto wake wenyewe wasadiki.