Kusababisha au Kuzidisha? Juu ya Lugha ya Mafuriko katika Kiswahili Chetu

Swali la kwamba mabadiliko ya tabianchi yanazidisha ukali wa mvua, ukame na joto limekwisha kujibiwa na wataalamu kwa sehemu kubwa. Ripoti ya mwaka 2021 ya jopo la Umoja wa Mataifa lishughulikialo tabianchi yasema pasipo kusita kwamba shughuli za binadamu zimeongeza joto la anga, la bahari na la nchi kavu, na kwamba katika mwongo wa 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa imepata joto la nyuzi 1.1 hivi kupita ilivyokuwa kati ya 1850 na 1900. Aidha, sheria ya fizikia iliyo nyuma ya jambo hili ni ya zamani: kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hewa yaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mvuke huo ukigeuka mvua, mvua huwa nzito kuliko ambavyo ingekuwa.

Hayo tunawaachia wenye elimu yake. Linalotuhusu sisi watu wa lugha ni namna jibu hilo linavyosemwa kwa Kiswahili, redioni, magazetini, katika mahubiri na katika tasnifu za wanafunzi wetu. Twaona kwamba linasemwa vibaya, na kwamba ubaya huo wadhuru watu.

Tuchukue msiba wa Kalehe, katika Kivu ya Kusini. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, mito ikaacha njia zake, matope na mawe yakashuka kutoka milimani hadi vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walifariki, na wengine wengi hawakuonekana tena. Siku mbili kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, mvua ilikuwa imeua watu zaidi ya 130 huko Rwanda.

Je, habari hizi husimuliwaje? Mara nyingi kwa vitenzi vya namna hii: mito ilifurika, mlima uliporomoka, nyumba zilibomoka, miti iling'oka, mashamba yaliharibika. Msomaji anayejua sarufi ataona mara moja kwamba vyote vyaishia kwa -ika, -uka au -oka. Ni vitenzi vya hali. Kitu chatokewa na jambo, wala hakuna mtenda. Kiswahili kina jozi nzuri hapa: -bomoka na -bomoa, -ng'oka na -ng'oa, -poromoka na -poromosha. Msimulizi anayechagua upande mmoja wa jozi kila mara, tena bila kujua kwamba anachagua, amekwisha kutoa hukumu, nayo ni kwamba hakuna aliyefanya. Hatusemi kwamba vitenzi hivyo ni vibovu. Mlima kweli uliporomoka. Lakini kabla ya kuporomoka ulikatwa miti, ukalimwa hadi kileleni, na chini yake watu wakajenga nyumba na soko mdomoni mwa mto, wengine kwa kuwa vita viliwafukuza kwao, na hapana mamlaka iliyowaonyesha mahali pengine. Mambo hayo yote yana watenda.

Upande wa pili wamo wasomi wenzetu, ambao wamechoshwa na usimulizi huo usio na mtenda, nao wakaukimbilia usimulizi wenye mtenda mmoja tu. Kwao, mabadiliko ya tabianchi yamesababisha mafuriko, yamesababisha vifo, yamesababisha njaa, na huenda kesho yatasababisha kukosekana kwa umeme. Kitenzi -sababisha kimezaliwa na nomino sababu, nacho katika masikio ya msikilizaji wa kawaida chabeba maana ya chanzo kamili: pasipo hiki, kile kisingekuwapo. Je, pasipo joto la dunia Kalehe isingepata mafuriko kamwe? Hakuna mtaalamu anayesema hivyo. Mito ya milima ya Kivu ilijua kufurika tangu zamani.

Hapa ndipo tunapoona kwamba lugha yetu haina upungufu wowote, ila sisi ndio wavivu. Kitenzi kinachofaa kipo, nacho ni -zidisha. Huwezi kuzidisha kisichokuwapo. Anayesema kwamba joto la dunia lazidisha mvua amekwisha kukubali kwamba mvua ilikuwapo, na kwamba kuna kiasi kilichoongezwa juu yake. Hiyo ndiyo kauli ya sayansi, si pungufu, si zaidi. Mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kifaransa hukutana na « aggraver » naye huandika -haribu zaidi au -leta, ilhali -zidisha kimelala katika kamusi yake.

Hata hivyo, -zidisha nacho chataka shamirisho lake lichunguzwe. Kuzidisha mvua ni jambo moja, kuzidisha mafuriko ni la pili, kuzidisha vifo ni la tatu. Joto la anga hufanya kazi juu ya mvua. Kutoka mvua hadi mafuriko, kazi yafanywa pia na mteremko, udongo, na msitu uliobaki au uliokwisha. Kutoka mafuriko hadi vifo, kazi yafanywa na mahali nyumba ilipo, na kama kulikuwa na mtu wa kupiga mbiu kabla maji hayajafika. Anayeruka kutoka joto hadi kaburi kwa kitenzi kimoja amewafuta watenda wote wa katikati. Si ajabu kwamba sentensi hiyo hupendwa sana na viongozi.

Kuna mtego mwingine, nao ni neno mara. Kundi la wataalamu liitwalo World Weather Attribution, ambalo hulinganisha dunia ilivyo na dunia ambayo isingepata joto, lilitangaza mwezi wa Aprili 2023 kwamba joto lililoletwa na binadamu lilifanya ukame wa Pembe ya Afrika, ulioanza mwishoni mwa 2020, kuwa na uwezekano wa kutokea angalau mara 100 zaidi. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo lilisema kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba katika Kenya, Ethiopia na Somalia zilikuwa nzito hadi mara mbili kwa sababu hiyohiyo, na kwamba hali ya joto la Bahari ya Hindi nayo ilichangia. Kauli ya kwanza yahusu uwezekano, ya pili yahusu wingi wa maji. Kiswahili chasema mara kwa yote mawili, tena chasema mara kwa idadi ya safari jambo linapotokea. Mwandishi akiacha neno uwezekano, msomaji atadhani kwamba ukame ulikuwa mkali mara 100, jambo lisilo na maana, naye akiwa na akili ataitupa habari yote. Neno moja likidondoka, ukweli wageuka kuwa uzushi.

Lakini mfano unaotuuma zaidi ni wetu wenyewe. Kundi hilohilo lilichunguza pia mvua za Mei 2023 kandokando ya Ziwa Kivu, Rwanda na kwetu. Mwezi wa Juni lilieleza kwamba halikuweza kufikia uamuzi, kwa kuwa takwimu za mvua zilikuwa haba mno. Tazama sasa kinachotokea katika ukanushi. "Wataalamu hawakuthibitisha kwamba tabianchi ilihusika" ni kauli ya kweli. "Wataalamu walithibitisha kwamba tabianchi haikuhusika" ni uongo. Tofauti ni mahali kiambishi -ha- kilipokaa, katika kitenzi cha kwanza au cha pili. Tumewasikia watu wazima, wenye shahada, wakihama kutoka sentensi ya kwanza hadi ya pili katika pumzi moja. Kukosa vipima-mvua mlimani kumegeuzwa kuwa ushahidi kwamba mlima haukudhurika na mtu. Na tangu mataifa yalipokubaliana huko Sharm el-Sheikh, Novemba 2022, kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa ajili ya nchi zinazoumizwa, kosa hilo la sarufi lina bei. Nchi isiyo na takwimu haina hoja, na isiyojua kusema kwamba haina takwimu yaweza kujikanushia haki yake kwa mdomo wake.

Wengine hulaumu istilahi yenyewe. Ni kweli kwamba tabianchi, tuliloletewa kutoka Tanzania, halikukaa vema katika sikio la Lubumbashi au Bukavu. Kwa wengi wetu nchi, au inchi kama tutamkavyo, ni dola kwanza, na tabia ya inchi yafanana na mwenendo wa wakubwa wake. (Mzaha huo hautoki mbali sana na Kalehe.) Hata hivyo hatuoni sababu ya kuliacha. Hali ya hewa ni mvua ya leo. Tabianchi ni mazoea ya miaka 30 au zaidi, na bila kutenganisha hayo mawili mjadala wote wavurugika. Istilahi huzoeleka. Vitenzi ndivyo vinavyotusaliti, kwa maana hatuvishuku.

Watatuambia kwamba mtangazaji wa redio hana nafasi ya sentensi ndefu. Tumejaribu kuiandika kuhusu Kalehe, nayo ni hii: Mvua kubwa, ya aina ambayo joto la dunia laelekea kuizidisha ingawa hapa hakuna vipimo vya kutosha kujua kwa kiasi gani, iliporomosha milima ambayo watu walikuwa wameikata miti, juu ya vijiji ambavyo hakuna aliyevionya. Inasomwa kwa muda wa sekunde 20 hivi.