Sumaku na Umeme Kiganjani

Nimeinunua jana sokoni Tukuyu, na mpaka naandika haya sijalala! Redio ndogo ya betri, bendi tatu: FM, masafa ya kati na masafa mafupi. Mvua inapiga bati, jiko la mkaa liko miguuni, nami nazungusha kitufe tu.

Nianze na lililoninyima usingizi. Niliweka masafa ya kati, stesheni ikashika, nikaigeuza redio taratibu pale mezani. Sauti ikafifia. Robo mzunguko, ukabaki mvumo mtupu. Nikazidi kuigeuza, sauti hiyo, imerudi! Nikafungua mfuniko wa nyuma: kumbe ndani mna kijiti cheusi cha feraiti, kimezungushiwa waya mwembamba kama unywele. Kijiti hicho hudaka upande wa sumaku wa wimbi, ndiyo maana kinajali kimeelekea wapi. Antena ya kuvuta, inayotumika kwa FM na masafa mafupi, hudaka upande wa umeme. Pande hizo mbili za wimbi husafiri pamoja, mmoja ukikingamana na mwingine, kilometa 300,000 kwa sekunde. James Clerk Maxwell alilikokotoa jambo hili karatasini miaka ya 1860. Heinrich Hertz akalionyesha maabarani miaka ishirini na ushei baadaye, na kipimo chenye jina lake kimechapwa usoni mwa redio yangu. Sumakuumeme! Neno nililolikariri darasani, leo nimelishika.

Halafu milima. Wimbi la FM lina urefu wa kama meta 3 na hupenda njia iliyonyooka, lakini kati yetu na Mbeya mjini yamekaa mabega ya Rungwe na milima ya Poroto. Huku tuko kivulini, na stesheni za upande wa pili zinakuja zikikwaruza. Masafa ya kati, wimbi la meta mia kadhaa, huinama na kuifuata ardhi. Na masafa mafupi jamani! Saa moja usiku nikaweka kilohezi 11,735: Zanzibar, kama kilometa 700 kutoka hapa! Wimbi la meta 25 limepanda mpaka ionosfea, limerudishwa chini, limetua kwenye migomba yetu, safari ya milisekunde 3 hivi. (Kitufe ni chepesi mno kwenye bendi hii, ukikigusa tu, stesheni imepotea. Nimekisamehe.)

Nikatazama jiko. Joto lililokuwa likinichoma magoti ni ndugu wa wimbi hilohilo, infraredi, na ule wekundu wa mkaa ni mfupi zaidi, haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimeta. Mwendo wao ni uleule. Wanapishana urefu tu.

Jumamosi naipandisha redio mlima Ngosi, wenye ziwa ndani ya kreta yake. Nitaiwasha ukingoni, kisha nishuke nayo kuelekea ziwani, antena nje, nisikilize FM itakata hatua ya ngapi.