Ngoma Ikae Katikati

Gwaride la Siku ya Mashujaa hapa Tseikuru, Kenya, liliharibikia masikioni, si miguuni. Naandika kwa sababu lawama zote waliangushiwa watoto wa skauti, na hawakustahili.

Sherehe ya kitaifa huhamahama: Kericho 2023, Kwale 2024, na mwaka 2025 ikafika Ithookwe, Kitui. Asiyeweza kusafiri huihudhuria katika kaunti ndogo. Afisa wa serikali hukagua gwaride na kusoma hotuba ya Rais, kisha askari, machifu na skauti wanapita mbele ya jukwaa.

Kule Puebla, Mexico, gwaride la tarehe 5 Mei lina vita vya kukumbuka: mwaka 1862 jeshi la Jenerali Ignacio Zaragoza liliwarudisha nyuma Wafaransa kwenye ngome za Loreto na Guadalupe. Vita vinaigizika. Siku yetu chimbuko lake ni usiku wa kukamatwa wapigania uhuru, Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Kati ya sita waliokamatwa na kushtakiwa Kapenguria alikuwamo Paul Ngei, mwana wa Ukambani. Kukamatwa utakuigizaje uwanjani? Kwa hiyo heshima yote tunaiweka kwenye hatua: watu wengi wakanyage kama mtu mmoja. Hatua zikivurugika, hakuna cha kuzifunika.

Siku ile hapa Tseikuru ngoma ilikuwa moja, na mpigaji alitangulia mbele ya msafara. Mwendo wa haraka ni kama hatua 120 kwa dakika, yaani kila hatua nusu sekunde. Sauti nayo husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mtoto aliye mita 80 nyuma ya ngoma huusikia mdundo umechelewa karibu robo sekunde, nusu nzima ya hatua. Akitii sikio lake kwa uaminifu, mguu wake uko hewani wakati wa mwenzake wa mbele umeshakanyaga. Mwenye kosa ni aliyepanga ngoma.

Gwaride lililozoea hujiponya kwa macho: wa nyuma anaangalia kisigino cha wa mbele, anaachana na ngoma. Lakini Oktoba hapa mvua za Novemba bado hazijafika, na uwanja ni vumbi tupu. Safu tatu za kwanza zikishapita, aliye safu ya nne haoni kisigino cha mtu. Mchanga nao humeza kishindo cha viatu, kwa hiyo hata sauti ya miguu ya wenzake haimfikii. Kabakiwa na ngoma peke yake, nayo inamdanganya.

Kisha ikaja kona. Safu ya watu kumi na wawili ina upana wa mita tisa hivi. Inapogeuka robo mduara, wa ndani anakanyaga papo hapo, wa nje anatembea mita 14, hatua kama 19. Wote wanatakiwa kumaliza pamoja. Hilo halifanyiki bila mdundo wa kuaminika, na hapo ndipo safu zilipopinda mithili ya upinde. Walipoamriwa kugeuza macho kulia mbele ya jukwaa, nusu ya watoto walikuwa wakibadilisha mguu.

Nilisikia mzee mmoja akishauri uwanja unyunyiziwe maji. Kwingine lingekuwa jibu zuri. Huku ambako maji yanafuatwa mbali na punda, simwagi jerikeni ardhini kwa ajili ya gwaride.

Dawa ni kumtoa mpiga ngoma mbele na kumweka ubavuni mwa msafara, katikati kabisa, atembee nao. Aliye mbali zaidi atakuwa mita 40 tu, na kuchelewa kutapungua hadi robo ya hatua, kiasi ambacho mtu aliye jukwaani hakioni kwa urahisi. Kwenye kila kona asimame mwalimu mmoja upande wa nje, ahesabu kwa sauti, kushoto, kulia, mpaka safu ya mwisho ipite. Mazoezi yafanyike kwenye uwanja huo huo wa vumbi, saa ile ile ya jua, badala ya kwenye nyasi za shule.

Na wale watoto wa safu za nyuma waambiwe kwamba walisikia sawasawa.