Jina la Ujiji Sokoni: Uhakiki wa Namna Filamu Bubu Zilivyonadiwa kwa Wenye Majumba ya Sinema

Uhakiki wa filamu bubu zinazohusu Afrika umezoea kuanzia kwenye skrini: nani ameonyeshwa, amevaa nini, amesimama upande gani wa kamera. Uhakiki huu unaanzia mezani kwa mwenye jumba la sinema. Filamu ya enzi hizo iliuzwa mara mbili. Mara ya kwanza iliuzwa kwa mwenye jumba, aghalabu kabla hajaiona. Mara ya pili iliuzwa kwa mpita njia wa jioni mwenye senti zake mfukoni. Lugha ya mauzo ya kwanza ndiyo iliyoamua mengi katika mauzo ya pili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika biashara hiyo jina la Ujiji lilifaa kama dhamana ya uhalisi, na kwamba dhamana hiyo ilipata nguvu kadiri mji wenyewe ulivyonyamazishwa.

Nyenzo kuu ya mauzo ya kwanza ilikuwa kitabu cha kunadi filamu, kilichochapwa na msambazaji na kutumwa kwa kila jumba. Ndani yake mlikuwa na habari zilizokwisha kuandikwa, ambazo mwenye jumba alizipeleka katika gazeti la mji wake zikatoka kana kwamba mwandishi wa gazeti ndiye aliyezitunga. Mlikuwa na michoro ya mabango, ambayo ya kawaida nchini Marekani yalikuwa ya inchi 27 kwa 41, picha za kubandika ukumbini, na mashauri ya vituko vya mtaani: mtu avae kama mhusika na kupita sokoni, mlango upambwe kwa majani na ngozi. Magazeti ya biashara, kama The Bioscope na Kinematograph Weekly huko Uingereza na Moving Picture World huko Marekani, yalijaa matangazo yaliyomlenga mwenye jumba peke yake. Exhibitors Herald la Chicago lilikuwa hata na safu ambamo wenye majumba waliambiana kila filamu iliwafaa kiasi gani. Anayezisoma kurasa hizo leo atashangaa jinsi sanaa inavyotajwa kwa nadra. Kinachotajwa ni viti.

Juu ya hayo, kampuni kubwa za Marekani ziliuza filamu kwa mafungu. Aliyetaka filamu ya nyota mmoja alilazimika kuchukua na nyingine kadhaa asizozijua. Uingereza iliubana mtindo huo kwa Sheria ya Filamu ya 1927, baada ya filamu zake zenyewe kushuka hadi takribani asilimia 5 tu ya zilizoonyeshwa nchini humo.

Filamu ya Livingstone ya mwaka 1925 ilizaliwa katikati ya dhiki hiyo. M. A. Wetherell aliiongoza na kuigiza yeye mwenyewe nafasi ya Livingstone, na Henry Walton akaigiza Stanley. Wetherell, aliyekwisha kuigiza katika filamu za Afrika Kusini, aliipeleka kamera Afrika badala ya kutosheka na Afrika ya mbao na turubai. Kibiashara uamuzi huo una uzito. Hollywood ilikuwa na nyota, fedha na mafungu. Mtengenezaji wa Kiingereza alikuwa na himaya. Tena mwenye jumba wa Leeds au Cardiff hakuhitaji kuelezwa Livingstone ni nani, kwa kuwa alimsoma shuleni na kumsikia kanisani. Lililobaki kunadiwa lilikuwa ule uhalisi: kwamba kamera ilifika.

Hapo ndipo mkazi wa Kigoma anapopaswa kuuliza swali lake. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na Ujiji ni mwendo mfupi tu kutoka stesheni. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa meli Goetzen kutoka majini, ambayo ilirudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kwa hiyo, wakati watazamaji wa Ulaya wanauziwa kandokando ya Ziwa Tanganyika kama mwisho wa dunia, mwisho huo ulikuwa na ratiba ya treni. Hata ufuko wenyewe ulikuwa umehama. Baada ya maji kuvunja njia katika mlango wa Lukuga miaka ya 1870, ziwa lilishuka, na mahali pa mkutano wa 1871 pakabaki mbali na maji. Uhalisi wa mahali, ambao ndio uliokuwa bidhaa, ulikuwa umekwisha kubadilika kabla ya sinema kubuniwa.

Mkutano wa Ujiji ulikuwa na sifa nyingine iliyoufanya uwe mali kwa mnadi. Kiini chake ni swali moja fupi la adabu, lile Stanley alilosema alimuuliza mzee yule mbele ya umati. Swali hilo lilienezwa kwa gazeti, kwani Stanley alitumwa na James Gordon Bennett wa New York Herald. Wanahistoria, akiwamo Tim Jeal, wameonyesha sababu za kutilia shaka kwamba liliwahi kutamkwa, zikiwamo kurasa zilizochanwa kutoka katika shajara ya Stanley. Katika filamu bubu shaka hiyo haina pa kukaa. Hapa hakuna kauli inayosikika. Kuna kibao cha maandishi kati ya picha na picha, na swali lile linaenea juu ya kibao kama lililotungwa kwa ajili yake. Linaenea vilevile juu ya bango. Ni nadra hadithi kuja sokoni ikiwa na tangazo lake tayari.

Lakini kwa masimulizi ya Stanley mwenyewe, aliyemsalimia kwanza pale Ujiji hakuwa Livingstone. Alikuwa Abdullah Susi, aliyetoka katikati ya umati na kumwamkia kwa Kiingereza, kisha akakimbia kumwarifu bwana wake. Kwa hiyo tukio lilianza kwa Mwafrika anayezungumza lugha ya mgeni, akimpokea katika mji wa biashara uliojaa Wajiji, Wamanyema, Waarabu na waungwana wa pwani. Mkasa wa namna hiyo ni mgumu kuuza kwa bango moja, kwa sababu unahitaji kueleza mji. Mkasa wa wazungu wawili wanaovuliana kofia nyikani hauhitaji maelezo. Mtafiti anaona kuwa uteuzi huu haukusababishwa na chuki peke yake, ingawa chuki ilikuwapo. Ulisababishwa pia na upana wa karatasi ya inchi 27.

Mfano wa Simba, filamu ya Martin na Osa Johnson iliyotolewa mwaka 1928, unalithibitisha hili kwa njia nyingine. Dhamana yake ilikuwa jina la Jumba la Makumbusho la Historia Asilia la Marekani, New York, lililounga mkono safari hiyo, na neno moja la Kiswahili likiwa kichwa cha filamu. Ujiji na simba ni maneno yaliyovuka bahari bila lugha yake. Yaliandikwa kwa herufi kubwa ili yasikike ya kigeni, si ili yaeleweke. Kuhusu dhamana za aina hii, inafaa kukumbuka kwa tabasamu kwamba Wetherell, alipoajiriwa na Daily Mail mwaka 1933 kumsaka mnyama wa Loch Ness, alivumbua nyayo zilizobainika kuwa zimepigwa kwa mguu mkavu wa kiboko.

Suala hili si la kale tu. Uchunguzi uliochapishwa na Maktaba ya Bunge ya Marekani mwaka 2013 ulibaini kuwa kati ya takribani filamu 11,000 bubu za urefu kamili zilizotengenezwa nchini humo, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo lake la awali. Mara nyingi kilichobaki ni karatasi za kunadia. Mhakiki anayezitumia kama muhtasari wa filamu anarudia habari ileile ambayo mwenye jumba aliipeleka gazetini. Zisomwe kama barua kutoka kwa msambazaji kwenda kwa mteja, na kila sifa iliyomo iulizwe ilikusudiwa kujaza viti vya nani.

Viti vya watu wa Tanganyika havikuwa katika hesabu hiyo. Mradi wa filamu za elimu wa Vugiri, Usambara, ulipoanza mwaka 1935, ulitumia filamu zisizo na sauti zilizoambatanishwa na maelezo ya santuri katika lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, na kuzitembeza kwa lori. Hapo Kiswahili kilipata sauti, lakini ya kuelekeza kilimo na afya. Susi hakurudi. Mwaka 1939 Hollywood ilipoirudia hadithi ya Ujiji kwa sauti, Spencer Tracy akiwa Stanley, mwigizaji huyo hakuletwa Afrika. Kikosi cha pili ndicho kilichokuja kupiga mandhari.

Katika makumbusho ya Ujiji leo zimesimama sanamu mbili, Stanley na Livingstone, kofia zimeinuliwa, kwa mkao uleule uliochorwa katika kitabu cha Stanley cha 1872. Wageni hupigwa picha kando yao.